Nalijua somo, lakini wanafunzi hawanielewi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya fizikia na huu ni muhula wangu wa pili kazini. Nafundisha umeme. Kanuni ya Ohm naiandika ubaoni, nakokotoa mifano mitatu minne, nauliza kama wameelewa, darasa zima linaitikia "ndiyooo!" Nikisahihisha mtihani, wengi wamekosa hata swali la balbu mbili. Mwenzangu ana diploma tu, lakini wanafunzi wake wanafaulu. Je, nirudi chuo nikaongeze elimu?
*Mwalimu mgeni*

JIBU: Marahaba, mwalimu. Chuo kitakungoja. Fizikia uliyo nayo inatosha na kusaza. Usiyoijua bado ni ile iliyomo vichwani mwa wanafunzi wako. Lee Shulman, msomi wa elimu wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1986: kulijua somo ni kitu kimoja, kujua mbinu za ualimu kwa jumla ni kingine, na upo ujuzi wa tatu, wa kujua mada hii hasa inafundishikaje, mfano upi unaifaa, wanafunzi watakwama wapi na kwa nini. Huo ndio nadhani mwenzako anao.

Chukua hiyo balbu. Wanafunzi wengi huamini kwamba balbu inakula mkondo wa umeme: unatoka kwenye betri ukiwa mwingi, unarudi umepungua. Mwenye imani hiyo anaweza kukokotoa kanuni ya Ohm, V = IR (volti ni mkondo mara ukinzani), vizuri kabisa na imani yake isiguswe. Mwekee balbu mbili zinazofanana kwa mfuatano, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja, atakuambia ya kwanza itawaka zaidi. Kwa hesabu zake, yuko sawa!

Basi kipindi kijacho kanuni isubiri. Unganisha betri, balbu moja na ameta (vipima mkondo) mbili, moja kabla ya balbu na nyingine baada yake. Kabla ya kuwasha swichi, kila mmoja aandike kwenye daftari anadhani ameta ya pili itasoma ngapi, na kwa nini. Usiiruke hatua hii hata kama muda unakubana, maana asiyeandika atakuja kudai alijua tangu mwanzo. Washa. Ya kwanza ikisoma ampea 0.3, na ya pili ni 0.3. (Ameta za shule wakati mwingine hazipatani. Zikitofautiana kidogo, zibadilishe nafasi mbele yao, la sivyo wabishi watapata ushahidi.) Kisha nyamaza, waache wabishane.

Atatokea mmoja aulize: kama mkondo hauliwi, mbona betri inaisha? Hapo ndipo pa kutenganisha mkondo na nishati. Mimi hutumia mnyororo wa baiskeli: unazunguka wote kwa pamoja, hakuna pingili inayopotea njiani, ilhali nishati ya miguu inafika kwenye gurudumu. Waambie pia mfano huu unaishia wapi. Mnyororo una njia moja tu, kwa hiyo mkifika kwenye saketi sambamba, ambako mkondo unagawanyika njia zaidi ya moja, uwekeni kando.

Walimu wa biolojia nao wana mtihani wao: mwanafunzi anayeamini mmea unakula udongo. Mpeni habari ya Jan Baptist van Helmont, mwanasayansi wa karne ya 17, aliyepanda mti kwenye udongo alioupima. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa umeongezeka zaidi ya kilo 70, na udongo karibu haukupungua. Yeye akahitimisha kwamba uzito wote umetokana na maji. Muulizeni mwanafunzi van Helmont alisahau nini.

Unapoandaa somo, jiulize: wazo gani hasa nataka walishike? Na kitu gani nakijua mimi ambacho wao bado hawakihitaji? Hili la pili ndilo linalowaponza wenye shahada. Ukinzani wa ndani wa betri, kasi ya elektroni, yote yanakuwasha ulimi. Yafungie kwanza.

Hilo la "mmeelewa?" liache kabisa, halijawahi kupata jibu zaidi ya ulilopata wewe. Uliza ni balbu ipi itawaka zaidi, na kwa nini.

Kuhusu mwenzako, muombe ukakae nyuma ya darasa lake anapofundisha mada hiyohiyo. Usinakili maelezo yake. Andika maswali anayouliza, na anachofanya mwanafunzi anapokosea.