Usisubiri Ujue Ndipo Ushindane: Kwa Anayetamani Mbio za Tanga Matema

Kila nikiteremka Matema, kando ya Ziwa Nyasa, na kuanza kutweka tanga, simkosi mtu ufukweni wa kuniambia maneno yaleyale: "Dada, natamani kweli. Nikishajua vizuri nitakuja tushindane." Nimeyasikia kwa vijana wa Ipinda, kwa watumishi wenzangu wa Mbeya mjini wanaokuja kupunga upepo mwisho wa wiki, hata kwa mvuvi aliyezaliwa na kuzeekea ziwani. Wote nawajibu sawa: njoo ushindane ili ujue. Ukisema ujue kwanza, hutakuja.

Nayasema haya kwa sababu nilipoteza mwaka mzima nikisubiri. Nilikuwa nafanya kazi Dar es Salaam, na huko nikajifunza kuendesha mashua ndogo ya tanga kwenye ghuba ya Msasani. Kila Jumamosi natoka, naenda na upepo, narudi, naoga, naenda zangu nyumbani nimefurahi. Wenzangu wakiitwa kwenye mbio, mimi nakaa kivulini na kuwashangilia. Mwaka ulipoisha, nilichokijua kilikuwa kilekile nilichokijua mwezi wa pili. Nilikuwa nakwenda kule upepo unakonipeleka. Nikichoka nageuza, na hakuna wa kuniuliza.

Boya la mbio halikubali hayo. La kwanza hutiwa nanga upande unakotoka upepo, na kule chombo cha tanga hakiendi moja kwa moja hata ufanye nini. Lazima ubishe: unakata maji kwa mshazari upande huu, unageuza, unakata upande ule, hadi ulifikie. Na huko ndiko unakojifunza usukani, demani (ile kamba ya kuongozea tanga), mwili wako ukae wapi, na macho yaangalie nini.

Mbio zangu za kwanza nilishika mkia. Tulikuwa mashua tisa. Wenzangu wanane walikuwa wamekwisha kulizunguka boya la kwanza, mimi bado nahangaika. Lakini kabla hawajaniacha mbali, nilikiona kitu ambacho mwaka mzima sikukiona. Mashua iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ya aina ileile ya kwangu, Laser, na tanga ni lilelile. Ila nahodha wake alikuwa amelilegeza kidogo. Mimi nilikuwa nimelikaza nikidhani kukaza ndiyo kasi. Nikaachia demani kama upana wa kiganja. Mashua ikaamka. Nilisikia maji yakianza kuongea chini ya miguu yangu, na mkono wa usukani ukawa mwepesi. Nilikuwa wa mwisho vilevile, na waliokuwa kwenye boti ya kamati wakanisubiri, wakanipigia honi kama walivyompigia mshindi. Ile siku moja ilinifundisha kuliko Jumamosi zote za nyuma.

Kama unaona aibu kushindwa, msikie Paul Elvstrøm, nahodha wa mashua za tanga wa Denmark. Mwaka 1948 alikwenda kwenye Olimpiki akiwa na miaka 20, na mbio za kwanza kabisa alijitoa hata hazijaisha. Alimaliza mashindano yale na medali ya dhahabu, kisha akachukua nyingine mwaka 1952, 1956 na 1960. Nami huwakumbusha hasa wasichana kwamba jirani zetu wa Msumbiji wamekwisha kupeleka mabinti zao Olimpiki katika mchezo huuhuu, Tokyo.

Nilipohamishiwa Mbeya nilidhani nimeaga matanga. Watu wa nyanda za juu tunajua milima, baridi, viazi na chai. Nani anafikiria tanga? Lakini ukishuka Tukuyu ukazipita migomba na chai, ukafika Kyela kwenye mpunga na joto, mbele yako kuna ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550. Tukachanga watu sita, tukanunua Laser mbili zilizotumika. Zilipanda Kitonga mgongoni mwa Fuso lililokuwa linarudi tupu baada ya kushusha mchele Dar. Baadaye fundi wa hapahapa akatuundia mashua ya mbao ya watu watatu. Hiyo ndiyo klabu yetu. Haina jengo, ina mwembe wa kufungia kamba.

Ushauri wangu wa kwanza kwa mgeni: anza kama baharia, usianze kama nahodha. Omba kukaa kwenye ile mashua ya watu watatu. Kazi yako itakuwa kuhamisha uzito unapoambiwa na kuangalia upepo. Upepo unaonekana, amini. Maji yanayoguswa nao hukunjamana na kuwa meusi, na weusi ule hukujia kama kivuli cha wingu. Pale Matema Milima ya Livingstone imesimama wima juu ya ziwa, na upepo ukiteremka kutoka kule huja kwa mikupuo, wala hautoi taarifa ila ule weusi. Mtu anayeuona na kusema "unakuja, sasa hivi" anathaminiwa kwenye chombo kuliko mwenye misuli. Kina mama Wakisi wanaoleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe hadi soko la Lyulilo wanalisoma ziwa kuliko mimi. Hao wakisema leo hatuvuki, nasi tunakunja matanga.

Sheria zinawatisha wengi, kwa kuwa kitabu chake ni kinene. Siku ya kwanza zinatosha tatu. Upepo ukikupiga kutoka mkono wa kulia, una haki ya njia. Ukikupiga kutoka kushoto, mpishe mwenzako. Mkiwa wote mnapigwa upande mmoja, aliye karibu zaidi na unakotoka upepo ndiye anayempisha aliye mbali zaidi nako. Na anayetoka nyuma kupita, akae mbali na anayepitwa. Ukikosea, unajiadhibu mwenyewe kwa kuizungusha mashua mara mbili palepale, kisha unaendelea. Hakuna refa wa kukupulizia filimbi, na hilo ndilo linalonifanya niupende mchezo huu: nimemwona mvulana wa kidato cha tatu akizunguka mara mbili peke yake, mbali na macho ya watu, kwa kosa ambalo yeye tu alilijua.

Kuanza nako kuna utaratibu wake. Honi ya kwanza inalia zikiwa zimebaki dakika 5, ya pili zikibaki 4, ya tatu ikibaki 1, kisha ya kuanza. Mgeni asijibanze katikati ya msongamano. Kaa nyuma kidogo, pata nafasi wazi majini, vuka mstari sekunde kumi baada ya wenzako. Hutapoteza kitu.

Sasa kupinduka, maana hofu kubwa iko hapo. Utapinduka. Mwaka jana tulikuwa na muuguzi kijana kutoka Tukuyu, mbio zake za pili. Alipogeuza kwenye boya, tanga likavuka kwa kishindo upande wa pili naye hajahamisha mwili. Mashua ikalala ubavu. Nilikuwa karibu kwenye mtumbwi wa uokoaji, nikamwona anaibuka na macho makubwa, anang'ang'ania mlingoti.

"Achia mlingoti, utaigeuza miguu juu! Achia na demani. Zunguka chini, kwenye ubao!"

Akazunguka. Ule ubao wa katikati, unaopita tumboni mwa mashua kuzuia isisukumwe kando, ulikuwa umechomoza juu ya maji. Akaupanda, akasimama kwenye shina lake, akashika ukingo wa mashua na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha tanga likaanza kubanduka majini taratibu, maji yakimwagika, halafu kwa ghafla mashua ikasimama na yeye akaangukia ndani. Akatazama huku na huku, akashika usukani, akalitafuta boya linalofuata. Wavuvi waliokuwa wanaanika usipa ufukweni walipiga kelele kama timu yao imefunga bao. Tangu siku hiyo hajakosa Jumamosi.

Ndiyo maana kwetu hakuna anayeshindana kabla hajaipindua mashua kwa makusudi karibu na ufukwe na kuisimamisha, mara tatu. Jaketi okozi linavaliwa kabla ya mguu kugusa maji, hata kwa anayeogelea kama samaki. Hatutoki bila mtumbwi wa uokoaji. Mito inapomwaga maji ziwani hatukaribii, kwa sababu ya mamba. Na kichocho kipo Ziwa Nyasa, hilo tusidanganyane: epuka maji yaliyotuama penye majani, na pita hospitali upimwe, dawa yake ipo. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki, ambao ng'ambo ya Malawi wanauita mwera, hupanda na ziwa zima na kuinua mawimbi makubwa. Anayeanza asubiri siku zake za utulivu, nazo zipo.

Kuhusu mashua zisizolingana kasi, tunafanya kama klabu nyingi duniani: kila aina ina namba yake kulingana na kasi yake, muda ambao mashua imetumia unagawanywa kwa namba hiyo, ndipo mshindi anapatikana. Kwa hiyo mashua yetu ya mbao inaweza kufika ya mwisho na ikashinda.

Mvuvi mmoja mzee, baada ya kututazama miezi kadhaa, alikuja akasimama kando ya ile mashua ya mbao, akaigonga ubavu kwa vidole. Maisha yake yote alikuwa ametumia kasia. "Nikae wapi?" akauliza. Nikamwonyesha. Tulipolifikia boya la kwanza, tayari alikuwa anasema upepo unakuja kabla sijauona.

Tunaanza saa nane mchana, upepo wa ziwani ukishaingia. Vaa nguo nyepesi zinazokauka upesi na viatu vya plastiki vyenye kamba, usivae jinzi. Ukifika ulizia kwenye mwembe. Nafasi ya tatu kwenye mashua ya mbao huwa tunamwachia mgeni.