Buti za fundi wa kuchomelea: anza na soli, chuma cha mbele baadaye

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mkupuo. Una 60,000, upo karakana ya mageti na madirisha mwezi wa nne sasa: uchukue buti mpya za dukani za 40,000 ubaki na chenji, au umalize hela yote kwenye mtumba wa Ulaya? Na la pili, kwa nini ikifika saa kumi jioni nyayo zinawaka moto. Wote waliotangulia wamekwambia "tafuta zenye chuma mbele" wakaishia hapo. Mimi nipo kwenye vyuma tangu 2008, nilianza Gerezani, ile ya Dar, kama saidia fundi. Miaka yote hiyo chuma cha mbele kimeniokoa mara mbili. Ngozi ya juu na soli zinaniokoa kila siku ya Mungu, na hizo hakuna anayeziuliza.

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilikuwa navaa raba, zile za wavu juu, nyepesi, mguu unapumua. Fundi wangu yeye alivaa katambuga, vidole vyote nje, na mguu wake ulikuwa na vidoa vyeupe kama aliyemwagikiwa chokaa. Sikujiuliza vimetoka wapi. Siku moja nimechuchumaa nachomelea bawaba ya chini ya geti, tone likadondoka juu ya raba ya kulia. Sasa elewa tofauti: cheche za grenda zinatisha kwa wingi, ila nyingi ni vumbi dogo, ukiwa mbali kidogo zinakufikia zimeshapoa. Tone la kuchomelea ni chuma kilichoyeyuka, na chuma hakiyeyuki mpaka kikaribie nyuzijoto 1,500. Lina uzito na lina joto la kutosha, likitua linakaa pale pale. Lilipita kwenye wavu nikasikia tsss kabla sijasikia maumivu. Mkononi nimeshika holda, kile kishikio cha kijiti cha kuchomelea, tena yenye moto, huwezi kurusha mguu hovyo ukaiangusha. Zile sekunde mbili tatu za kuiweka chini ndizo zilizoniumiza. Wavu wa nailoni ukipata moto hauwi majivu, unakuwa uji unaonata. Nilipovua, soksi iliondoka na ngozi. Kovu lipo mpaka leo, kubwa kama punje ya hindi, nyuma kidogo ya kidole gumba.

Kwa hiyo juu pawe ngozi, tena ngozi kweli. Usimwamini muuzaji, kunja kiatu pale vidole vinapopindia: ngozi ya mnyama inafanya mikunjo midogo isiyolingana, ngozi bandia inakunjika mstari mmoja kama daftari. Kisha tafuta sehemu iliyokatwa bila kupindwa, mara nyingi ni ncha ya ulimi. Ukiona nyuzinyuzi za nyama, sawa. Ukiona kitambaa kimepakwa plastiki juu, rudisha. Pale mbele juu ya vidole mishono iwe michache, kwa sababu cheche hazianzi na ngozi, zinaanza na uzi. Nimeona buti nzuri kabisa zikifumuka mbele baada ya miezi miwili, ngozi nzima, uzi umekatikakatika.

Halafu ulimi. Ingiza vidole pembeni ya ulimi uone kama umeshonewa kwenye kiatu pande zote mbili mpaka juu. Usiposhonewa, hiyo nafasi ni mfereji, tone linateleza hadi kwenye soksi. Kamba za nailoni hazimalizi mwezi kwa kazi yetu, weka za pamba, au mwambie fundi viatu akukatie za ngozi. Mimi nilienda mbali zaidi: nilichukua mkoba wa ngozi uliochoka wa mke wangu (kwa ruhusa, nasisitiza), nikakatiwa kipande cha kufunika kamba zote, kikashonewa chini karibu na vidole, juu kinashikwa na mkanda mdogo wenye bizimu. Buti za kuchomelea za wenzetu zinakuja na kitu hicho hicho kutoka kiwandani. Na suruali ishuke juu ya buti, usiichomekee ndani kama mwanajeshi, wala usikunje pindo, lile pindo ni kibakuli cha kupokelea moto.

Sasa soli, na hapa ndipo mtumba unapowaliza watu. Kabla soko la Karume halijaungua Januari 2022 nilipata pale buti za Kijerumani, 55,000, soli haijalika hata kidogo, meno yote yapo, kama zimetoka boksini. Nikajiona mjanja. Siku ya tatu nipo kwenye ngazi nafunga grili ghorofa ya kwanza, nikahisi mguu wa kushoto unacheza. Kuangalia, kisigino kimebaki kwenye kipago cha ngazi. Hakikubanduka kama gundi iliyoachia, kilikatika kama keki. Nilishuka taratibu huku soli inaacha makombo meusi ngazi nzima, vijana wananicheka. Nikamalizia siku na kandambili za mlinzi.

Baadaye ndipo nikaelewa. Zile soli nyepesi zenye povu ndani ni poliurethani, na adui yake ni unyevu. Unyevu wa hewani tu unaivunjavunja kutoka ndani, taratibu, hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Joto linaharakisha, na Dar tuna vyote viwili. Kiatu kikikaa stoo Ulaya miaka sita, kikaja kwa kontena, kikaning'inia kibandani msimu mzima wa masika, kinaweza kuonekana kipya na kimeshakufa. Yaani kile kilichokuvutia, soli kutolika, ndicho cha kukutia shaka.

Kukikagua si kazi. Viatu vya usalama vilivyotengenezwa kwa kiwango cha ISO 20345 lazima viandikwe tarehe ya kutengenezwa, yaani mwaka pamoja na mwezi au robo ya mwaka, angalia lebo ndani ya ulimi au alama chini ya soli. Kama soli ni ya povu na imezidi miaka mitano, mimi siigusi hata nikipewa bure. Kisha bonyeza kucha pembeni ya soli kwa nguvu. Ikibaki alama, au ikitoa unga, au ukiona nyufa ndogondogo ukiikunja, achana nayo. Soli ya mpira mzito haina ugonjwa huu, na inastahimili moto kuliko povu. Kwenye lebo tafuta herufi HRO: maana yake soli ya nje imepimwa kukanyaga kitu chenye nyuzijoto 300 kwa sekunde 60. Kwetu hiyo ni muhimu, sisi tunakanyaga vipande vya nondo vilivyokatwa sasa hivi. Ukiona S3, chuma cha mbele kimepimwa kwa pigo la jouli 200, chini kuna kinga ya msumari, na ngozi inazuia maji kiasi. S1P ina kinga ya msumari ila haizuii maji.

Lakini usidanganyike kwamba S3 inazuia umeme. Inaondoa umeme tuli tu, si kinga ya shoti. Mashine ikiwa imewaka na hujagusisha kijiti, kwenye holda kuna volti kama 50 hadi 80, na buti iliyolowa jasho au maji ya mvua haikukingi na chochote. Nawajua waliosukumwa na umeme kwa ajili hiyo, wakasingizia mashine mbovu. Kila jioni chokoa pia vichenga vya chuma vilivyojichoma kwenye soli.

Ile hofu kwamba kitu kizito kikiangukia chuma cha mbele kitakata vidole, iache. Uzito wa kukunja kile chuma, bila kiatu ungekuwa hauna vidole tayari.

Kuhusu nyayo kuwaka: nina uhakika umenunua saizi ya asubuhi. Mguu unavimba mchana kutwa, na chuma cha mbele hakitanuki kama ngozi. Kajaribu jioni baada ya kazi, na soksi nene za pamba unazovaa kazini, si hizi za msikitini au kanisani. Funga kamba, simama kwenye mteremko ukielekea chini, ruka kidogo. Kidole kikigonga chuma, panda saizi moja. Jambo la pili ni sakafu. Zege halina huruma na mgongo. Pale unaposimama muda mrefu weka ubao mpana au kipande cha mkanda mzito wa mashine, usiweke zulia, utawasha karakana. Nyayo za ndani ziwe pea mbili, zibadilishe kila siku. Buti ikilowa ianike kivulini ukiwa umejaza magazeti ndani, juani ngozi inakauka inapasuka. Kiwi paka Jumamosi jioni, usiipake asubuhi halafu ukainamia moto.

Kama umeajiriwa, jua pia Sheria Na. 5 ya 2003 ya usalama na afya mahali pa kazi inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Bosi wangu mmoja alipoulizwa alijibu, "Mguu ni wako, kiatu kitakuwaje changu?" Nilihama, ila nilihama na buti nilizojinunulia.

Kwa hela yako: mtumba wa 60,000 kama una soli ya mpira, au povu lenye tarehe ya karibuni, chukua. Haina tarehe? Chukua mpya ya 40,000 iliyopita kipimo cha ngozi na ulimi, ile 20,000 iende kwa fundi viatu azungushie mshono soli nzima na akuwekee kifuniko cha kamba. Ukifika kibandani piga picha ya lebo na ya soli kwa chini, weka hapa kabla hujalipa, jioni huwa nipo.