Breki za Tipa: "Zinashika" Haina Maana Lainingi Ipo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina tipa ya tairi kumi, inabeba kokoto kwenye miradi ya hapa Dodoma. Slaki zake, yale mikono yanayofidia ulikaji wa breki, ni zile zinazojirekebisha zenyewe, ila fundi wangu huzipandisha kwa spana kila Jumamosi na breki zinashika vizuri. Mwezi ujao itaanza kupeleka mzigo Migori, njia ya Iringa. Kuna haja ya kuvua dramu kukagua lainingi, yale mabamba yanayosugua dramu?
Msomaji, Ihumwa

JIBU: Marahaba. Haja ipo, tena kabla tipa haijateremka mteremko wa Fufu njiani na mzigo. Lakini kilichonishtua ni hiyo spana ya kila Jumamosi.

Slaki ya kujirekebisha, ikiwa nzima na imefungwa sawasawa, hailegei wiki hadi wiki. Ikilegea kuna kitu kimekufa: pini imelika, bushi za shafti ya breki zimechoka, au slaki yenyewe imekwisha. Fundi wako anafuta dalili, ugonjwa anauacha ndani. Tena kila akiirudisha nyuma kwa nguvu anazidi kuisaga klachi yake ndogo ya ndani. Spana ina kazi siku ya kufunga lainingi mpya, basi.

Sasa hili la "zinashika", ambalo naambiwa karibu na kila mwenye gari. Kwenye breki ya upepo, mguu hauwezi kukupa habari za lainingi. Unachokisikia kwenye pedali ni vali na springi zake, iwe lainingi ni mpya au imebaki nyembamba kama kadi. Kinachobadilika ni mwendo wa fimbo inayotoka kwenye chemba, lile kopo la upepo linalosukuma breki. Lainingi ikilika na slaki isipofuata, fimbo inatoka ndefu zaidi, na ikifika mwisho wake haina tena nguvu ya kubana. Ihumwa hadi Mtumba, kwenye tambarare na dramu baridi, hutagundua chochote. Kwenye mteremko dramu inapata moto, inatanuka, inaikimbia lainingi, na fimbo inatafuta milimita ambazo hazipo. Dereva atakanyaga mpaka chini, upepo umejaa kwenye matangi, gari linakwenda.

Kwa hiyo pima. Tia kabari kwenye tairi, achia breki ya maegesho, upepo uwe kati ya psi 90 na 100, zima injini. Chora alama ya chaki kwenye fimbo inapotokea kwenye chemba, utingo akanyage hadi mwisho, weka rula. Kwa viwango vya Marekani, fimbo ya chemba ya kawaida namba 30 isitoke zaidi ya milimita 51. Ile ya mwendo mrefu, 64. Ukiona kulia na kushoto vinapishana sana, usipuuze. Lainingi za ekseli za nyuma zikiwa chini ya milimita 6.4 katikati ya shuu, kile chuma kinachobeba lainingi, badilisha pande zote mbili. Zikiwa na mafuta, sili ya habu imevuja. Usikubali zioshwe kwa petroli na kurudishwa.

Niliwahi kupokea tipa ambayo breki mbili kati ya sita zilikuwa zimezibwa kwa bolti kwenye bomba la upepo, eti imalize tripu. Mwenye gari alikuwa akilipia "kupandisha breki" kila wiki. Watu wa namna hii ninao hasira nao, na wamejaa kwenye miradi kwa sababu bei yao ni ndogo na gari halilali gereji.

Wenye maloda, ile mitambo ya kupakia, nao wasijione wamepona. Diski zao zimo ndani ya ekseli, kwenye mafuta, na mfumo wa haidroliki unafidia ulikaji, hivyo pedali haibadiliki hadi mwishoni kabisa. Kwenye mitambo mingi kuna plagi kwenye ekseli: unaifungua breki ikiwa imekanyagwa, unapima, unalinganisha na kikomo cha kitabu cha mtambo huohuo. Fundi anayesema amekagua wakati plagi bado ina vumbi la mwaka jana hajakagua kitu, usimlipe. Na anayejaza mafuta yoyote aliyoyakuta gereji bila kufungua kitabu, mwondoe kwenye mtambo wako kabla hajaziunguza hizo diski.