Amekuzuia kumwona mtoto? Hela usikate

Mkuu, umesema mzazi mwenzako ana miezi mitatu hakuruhusu kumwona mtoto wenu wa miaka mitano, na wengine wanakushauri ukate hela ya matunzo "mpaka akili imkae sawa". Mimi nilifanya hivyohivyo, ngoja nikusimulie.

Tuliachana binti yetu akiwa na miaka minne. Mama yake akahamia naye Tabata kwa bibi, mimi nikabaki Mbagala. Nilikuwa naenda nikijisikia tu, Jumapili yoyote, hata saa mbili usiku. Naambiwa mtoto amelala. Siku nyingine, yuko kwa mama mdogo. Mara ya nne nikapandisha sauti pale barazani mpaka majirani wakatoka. Mwezi ule sikutuma hela. Uliofuata pia.

Tulipoitwa kwa afisa ustawi wa jamii, nilibeba maneno mengi. Mama mtoto alibeba simu tu. Akafungua ujumbe wangu: "Hunipi mtoto, hupati hela." Yule dada afisa akausoma kwa sauti, taratibu, kisha akaniuliza: "Baba, kwani huyu mtoto unamnunua?"

Akatufungulia Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, kifungu cha 26. Wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kuendelea kutunzwa na kusomeshwa, na ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa upande wa pili, ilimradi masomo yasivurugike. Haki ni ya mtoto, mkuu. Kwa hiyo hela si tiketi ya kumwona. Mwenzangu naye alipata lake palepale: hela ikichelewa, mtoto hafungiwi ndani.

Wanaokwambia ukamchukue shuleni kimyakimya, wapuuze. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake. Dhana hiyo inapingika, ila kwa ushahidi mbele ya mahakama, si kwa bodaboda getini.

Kilichotuokoa ni karatasi moja. Jumamosi ya pili na ya nne, saa tatu asubuhi. Kurudi Jumapili saa kumi jioni. Makabidhiano kwa shangazi yake Buguruni, maana mimi na bibi yake tulikuwa hatusalimiani. Nikichelewa zaidi ya nusu saa bila kupiga simu, zamu hiyo imekufa. Hela kila tarehe 5, kwa simu, si mkononi, ili muamala ubaki. Tukasaini, shangazi akawa shahidi.

Usidhani ilinyooka. Mwezi wa pili binti kaja na begi, nafungua, ndani mna daftari na kandambili moja. Nguo hakuna. Halafu anasema, "Mama kasema nisile chakula cha kwako." Sikumpigia mama yake simu. (Haya, nilipiga, ila baada ya siku mbili, hasira zikiwa zimepoa.) Nilikwenda Rangi Tatu nikanunua gauni mbili na kandambili, zikawa za kwangu nyumbani. Ugomvi wa begi ukaishia hapo.

Mwenzako akigoma hata mbele ya ustawi wa jamii, utaomba amri ya kumwona mtoto katika Mahakama ya Watoto. Lakini jambo moja hukulisema: amekuzuia kwa nini? Kama mlikuwa mnapigana, au unakwenda umelewa, hofu yake ina msingi. Basi omba kuanza na kumwona mtoto mbele ya mtu mnayemwamini wote wawili.

Tuma kwanza hela ya mwezi huu, halafu Jumatatu nenda ustawi wa jamii kwenye halmashauri yenu. Beba miamala yako, na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mimi nilirudishwa kukifuata, na kilikuwa Tabata.