Benki zimekaza: majibu kwa wanaoomba mkopo wa nyumba

Barua za safari hii karibu zote zinaimba wimbo mmoja: benki zinakopesha, lakini zinauliza maswali mengi kuliko zamani. Nimechagua chache.

Benki imenipa barua ya idhini ya awali. Muuzaji anataka nimpe sehemu ya pesa wiki hii hii ili asiuze kwa mwingine. Nimpe?

Kwanza soma mkataba wa mauziano umeandikwaje kuhusu kurudishiwa pesa. Idhini ya awali bado si mkopo. Benki imesema tu kwamba mtu mwenye kipato ulichokitaja anaweza kukopeshwa hadi kiasi fulani. Nyumba hawajaiona, hati yake hawajaikagua, na huenda hata mwajiri wako hawajampigia simu. Barua hiyo pia ina tarehe ya mwisho, na benki ikiingiwa na hofu inaweza kubadilisha vigezo vyake kabla hujafika kwenye kusaini.

Mkataba wa mauziano uwe na kifungu kinachosema wazi: mkopo usipopitishwa, pesa ya mnunuzi inarudi. Muuzaji akikikataa kifungu hicho wakati huu ambapo wanunuzi wenyewe ni wa kutafuta, mimi ningetaka kujua haraka yake ni ya nini.

Mimi ni seremala wa kujitegemea. Kuna mwezi napata vizuri, kuna mwezi mkavu. Afisa mikopo ameniambia kipato changu "hakisomeki". Ndiyo nimekataliwa?

Hapana. Hajasema kipato ni kidogo, amesema hakionekani kwenye karatasi, na hilo linatibika, ila kwa miezi mingi.

Mwenye mshahara anapeleka hati zake za malipo na barua ya mwajiri, kazi imeisha. Wewe benki itakutazama kwa wastani wa muda mrefu, mara nyingi mwaka mmoja au miwili, tena itaikodolea macho ile miezi mikavu kuliko ile ya neema. Swali lake ni kama mwezi mbaya kuliko yote ungeweza bado kulipa. Kwa hiyo fungua akaunti ya biashara iliyo mbali na ya nyumbani. Kila malipo ya mteja yapite humo, hata yale ya mkononi. Kisha jilipe mwenyewe kiasi kilekile, tarehe ileile, kila mwezi, kwenda akaunti yako binafsi. Hela za mbao na hela za ada za watoto zikiwa kapu moja, hakuna afisa atakayekaa kuzitenganisha kwa niaba yako.

Na hili niliseme bila kumung'unya: wajasiriamali wengi hutangaza faida ndogo kwa mamlaka ya kodi, halafu huenda benki na hadithi ya faida kubwa. Afisa ataziweka karatasi mbili pamoja na kuchukua ile ndogo. Marekani, miaka ya kabla ya mgogoro wa 2008, kulikuwa na mikopo ya nyumba iliyotolewa kwa mwombaji kutaja tu kipato chake, bila ushahidi. Mingi ikaja kushindwa kulipika. Ukaguzi unaokuudhi leo kwa sehemu ni matunda ya pale.

Tumekubaliana bei na muuzaji, lakini mthamini wa benki ameiweka nyumba asilimia 10 chini ya bei yetu. Tufanyeje?

Fanyeni hesabu kabla ya hasira. Tuseme bei ni 100 na benki hukopesha asilimia 80. Mlijipanga kutoa 20 mfukoni. Sasa benki inakokotoa 80 ya 90, yaani 72, kwa hiyo mnatakiwa kutoa 28. Mchango wenu umeongezeka kwa asilimia 40 kwa sababu ya pengo la 10. Wanunuzi wengi wanakwama hapa, wala si kwenye riba.

Ombeni nakala ya ripoti mwisome. Wathamini nao ni binadamu: eneo la kiwanja limekosewa, chumba kimesahaulika, au nyumba imelinganishwa na zilizo duni. Kosa kama hilo likiwepo, andikeni kwa benki mkiambatisha ushahidi. Ripoti ikiwa sahihi, ipelekeni kwa muuzaji. Hata mnunuzi mwingine wa mkopo akija, mthamini wake huenda akasema hivyohivyo, na hoja hiyo ina uzito kuliko kubembeleza.

Msichofanya ni kuziba pengo kwa mkopo mwingine wa haraka. Benki ikiuona, itapunguza kiasi mnachostahili. Isipouona, mtabeba marejesho mawili, moja likiwa la riba kali. Najua mke wako ameshalipenda jiko la nyumba ile, umeeleza kwa kirefu. Thamani ikibaki ileile na muuzaji asishuke, tafuteni nyumba nyingine.

Riba isiyobadilika ni ghali kidogo kuliko inayobadilika. Nichague ipi, na nisubiri ishuke?

Kutabiri riba siwezi, ila naweza kukuonyesha uzito wake. Kwa kila milioni moja unayokopa kwa miaka 20, riba ya asilimia 12 inakupa marejesho ya takriban 11,010 kwa mwezi. Riba ikifika 14, ni kama 12,435. Pointi mbili tu, na marejesho yamepanda kwa karibu asilimia 13. Usidhani pointi mbili ni nyingi: riba ya Benki Kuu ya Marekani ilitoka karibu sifuri Machi 2022 ikafika kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023.

Chukua marejesho ya riba iliyopanda, yaweke akiba kila mwezi kwa nusu mwaka kana kwamba unalipa. Ukiweza bila kukopa kwa jirani, inayobadilika unaimudu. Ukishindwa, lipia utulivu. Uliza pia riba "isiyobadilika" hudumu miaka mingapi, maana mara nyingi ni michache ya mwanzo tu.

Kuhusu kusubiri: riba ikishuka, wanunuzi hurudi kwa wingi, na bei nayo huweza kupanda. Kama unahitaji nyumba na marejesho unayaweza, sioni faida ya kukaa mlangoni.

Miaka 15 au 20?

Kwa mfano uleule wa asilimia 12, miaka 15 ni kama 12,000 kwa mwezi badala ya 11,010. Jumla utalipa takriban milioni 2.16 badala ya 2.64. Lakini ukiogopa kujifunga, chukua 20 na ulipe zaidi unapoweza, mradi mkataba hautozi faini kwa anayelipa mapema. Soma kifungu hicho.

Nimekataliwa. Niombe benki nne kwa mpigo?

Usifanye hivyo. Maombi huacha alama kwenye kumbukumbu zako za mikopo, na yakirundikana ndani ya wiki chache unaonekana mtu aliyebanwa. Dai sababu kwa maandishi, kisha chukua ripoti yako kutoka taasisi ya taarifa za mikopo. Mkopo uliokwisha kuulipa unaweza kuwa bado unasomeka kama haujalipwa. Barua ya kumaliza deni hurekebisha hilo.

Shikamoo. Kaka yangu anataka nimdhamini mkopo wa gari, na ombi langu la nyumba bado liko benki. Nimjibuje?

Marahaba. Mwambie asubiri mpaka uwe umesaini wa kwako na pesa imetoka. Benki inaweza kuuhesabu mkopo uliodhamini kama deni lako. Na baada ya hapo, uone kwanza kama bado unataka kumdhamini.