Natumia dawa za sukari na tumbo linaendesha, nimeze na ya kuzuia kuharisha?

SWALI: Mfamasia wetu habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 52, nina kisukari aina ya pili, natumia metformini asubuhi na jioni na glibenklamidi asubuhi. Tangu juzi naharisha maji matupu, chakula hakipandi kabisa. Mwanangu kaniletea loperamidi na antibayotiki ambayo kaambiwa inakata haraka, ila naogopa kuchanganya maana nasikia dawa zinapigana. Nimeze zote? Na nikinywa ORS sukari si itapanda?

JIBU: Nzuri mama, na pole sana. Nikutoe hofu kwanza, loperamidi haipigani na metformini wala glibenklamidi. Yenyewe inafanya kazi kwenye utumbo, inaupunguza mwendo ili maji yapate muda wa kufyonzwa yarudi mwilini, sukari haiipandishi wala haiishushi. Mtu mzima anaanza na miligramu 4 halafu 2 kila baada ya choo cha maji, na kama umejinunulia mwenyewe usipite miligramu 8 kwa siku, ikizidi sana inavuruga mapigo ya moyo. Ila kama kuna damu kwenye choo au una homa kali usiimeze, nenda hospitali.

Sasa mama, kinachonipa wasiwasi sio hicho kidonge, ni huko kuharisha kwenyewe huku unaendelea kumeza dawa za sukari kama mtu mzima wa afya. Metformini inatoka mwilini kupitia figo. Ukiharisha maji mengi mwili unakauka, figo zinapungua nguvu, dawa inarundikana kwenye damu na asidi nayo inaweza kupanda, haitokei mara nyingi lakini ikitokea inaua. Ndio maana anayeharisha sana au kutapika huambiwa asimamishe metformini kwa muda, airudie akishakaa saa 24 mpaka 48 anakula na kunywa vizuri. Pigia kliniki yako leo hii uwaambie hali ilivyo, usingoje tarehe ya kadi.

Glibenklamidi ndio naiogopa zaidi kwako wewe usiyekula, kwa sababu inalisukuma kongosho litoe insulini, umekula hujakula yenyewe inasukuma tu, na inakaa mwilini muda mrefu. Wengi wetu tumezoea kuogopa sukari kupanda tunasahau kwamba kushuka kunaangusha mtu ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo waulize kliniki na hiyo pia kabla hujameza ya kesho, na upime sukari kila baada ya saa chache, usiku pia. Ukiona chini ya 4 (kwenye mashine za miligramu ni chini ya 70), au unatetemeka, jasho jembamba, moyo unaenda mbio, kunywa maji yenye vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, na mwambie mwanao akikukuta umechanganyikiwa au huamki asikunyweshe kitu, akukimbize hospitali.

Hiyo antibayotiki iweke pembeni. Kuharisha maji mara nyingi kunaisha kwenyewe bila antibayotiki, halafu humo ndimo ugomvi wa kweli ulipo. Soma jina kwenye boksi, kama ni siprofloksasini au kotrimoksazoli zote mbili zinaweza kuishusha sukari vibaya kwa mtu anayetumia glibenklamidi, na ndugu zake gliklazidi na glimepiridi. Watu wanauliza loperamidi, wanaisahau hii, inanisikitisha sana. Na mkaa wa dawa unaomezwa kwa ajili ya tumbo nao unanasa dawa nyingine kabla hazijafyonzwa, usiumeze pamoja na vidonge vyako.

ORS kunywa mama, tena kunywa kwelikweli, kidogo kidogo kila baada ya kuendesha. Lita moja ina gramu 13.5 tu za glukosi na iko pale kwa kazi, inasaidia utumbo kuvuta chumvi na maji. Soda na juisi ndio usitumie kama mbadala, zina sukari nyingi na zinaweza kuzidisha kuharisha. Ukiona mkojo umekuwa mchache na mweusi, kizunguzungu ukisimama, unatapika hata maji, au unahema haraka haraka, hapo sio pa kukaa nyumbani.

Kwa wasomaji wengine wenye swali kama hili, anayechoma insulini asiiache hata kama hali chakula, kipimo ndio kinaweza kubadilishwa na daktari. Wanaotumia dawa za sukari za dapagliflozini au empagliflozini nao husimamisha wakiharisha sana, kwa sababu asidi inaweza kupanda mwilini hata mashine ikionyesha sukari ya kawaida, na hilo linawadanganya wengi.

SWALI: Mimi tangu nianzishiwe metformini naharisha karibu kila siku. Naweza kuwa nameza loperamidi kila siku?

JIBU: Hapana kaka, hapo unaziba dalili tu, metformini yenyewe ndio inaongoza kwa kuharisha kati ya dawa za sukari. Imeze katikati ya chakula au ukimaliza kula, sio tumbo tupu. Mwombe daktari akushushie dozi apandishe taratibu, au akubadilishie ile inayoyeyuka polepole, wengi tumbo linatulia kabisa wakihamia hiyo. Na kama kuna mtu kaitumia miaka bila shida halafu ndio kuharisha kunaanza sasa, hasa usiku, asiisingizie metformini moja kwa moja, kisukari cha muda mrefu kinaweza kuharibu neva za utumbo na hiyo inahitaji kuchunguzwa.