Kusoma Mfuatano wa Uchapaji wa Pakiti Katika Drafti ya Kadi

Katika drafti, wachezaji huketi kuzunguka meza, na kila mmoja hufungua pakiti ya kadi, huchagua moja, kisha humpitishia jirani zilizobaki, hadi kadi ziishe; hurudia hivyo kwa pakiti tatu, na kadi alizozichagua ndizo anazojengea deki, yaani rundo lake la kuchezea. Mchezaji anayepokea pakiti kutoka kwa jirani yake huziona kadi zilizobaki, lakini habari yenye thamani kubwa zaidi imo katika kadi ambayo haipo tena. Nimecheza drafti za mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering kwa miaka mingi, na ujuzi ulionisaidia kuliko wote baada ya kujua ubora wa kadi zenyewe ni ule wa kutambua ni kadi ipi iliyotolewa kabla pakiti haijanifikia. Ujuzi huo unatokana na jinsi kadi zinavyochapwa.

Kadi hazichapwi moja moja. Huchapwa kwenye karatasi kubwa, ambayo kwa muda mrefu imekuwa na nafasi 121, yaani safu 11 zenye kadi 11 kila moja, kisha karatasi hukatwa na kadi hupangwa kuingia katika pakiti. Kadi zina madaraja: za kawaida, za kati, adimu na adimu mno. Tangu daraja la kadi adimu mno lilipoanzishwa mwaka 2008 katika seti (toleo la kadi) ya Shards of Alara, mpango uliozoeleka kwa seti kubwa ulikuwa kadi adimu 53 zilizochapwa mara mbili na kadi adimu mno 15 zilizochapwa mara moja, na hesabu hiyo inatimiza nafasi 121 bila kubakiza hata moja. Hata hivyo, karatasi ya kadi adimu haimsaidii sana mchezaji aliyeketi mezani, kwa kuwa kila pakiti huchukua humo kadi moja tu. Faida iko katika kadi za kawaida, ambazo katika pakiti ya zamani ya kadi 15 zilikuwa 10 au 11.

Kadi hizo za kawaida hugawanywa katika mafungu mawili au zaidi, na ndani ya kila fungu hufuatana kwa utaratibu ule ule kama shanga katika uzi. Pakiti huchukua kipande cha mfuatano kutoka kila fungu. Ndiyo sababu ni nadra kukuta kadi ile ile ya kawaida mara mbili katika pakiti moja, na ndiyo sababu rangi tano za mchezo hugawanyika vizuri, kwani kadi za rangi moja kwa kawaida hazipangwi zikigusana. Mchezaji anayeujua mfuatano huo akiona kadi ya kwanza na ya tatu, anajua ya pili ilikuwa ipi.

Tuchukue mfano. Tuseme katika fungu fulani kadi nyekundu ya kuunguza hufuatwa na kiumbe wa kijani, kisha kadi ya bluu ya kuzuia, kisha askari mweupe, kisha kadi nyeusi ya kuua. Umeshachagua kadi yako ya kwanza, na jirani anakupitishia pakiti yake ya zamani ya kadi 15, sasa ikiwa na kadi 14. Kwanza hesabu madaraja: kadi adimu ipo, na kadi tatu za daraja la kati zipo, kwa hiyo iliyotoka ni kadi ya kawaida. Hadi hapo hujatumia ujuzi wowote wa uchapaji. Sasa fuata mfuatano, na utaona nyekundu, kijani, nyeupe na nyeusi zikiwa zimekaa pamoja bila ile ya bluu. Jirani yako wa kulia ameanza na bluu, na ameiacha kadi adimu ili achukue hiyo ya bluu. Hiyo ni habari nzito, kwa sababu jirani huyo ndiye atakayekulisha, yaani kukupitishia kadi, katika raundi ya pakiti ya kwanza na ya tatu, na kadi nzuri za bluu huenda akazibakiza. Katika raundi ya pakiti ya pili mzunguko hugeuka, na anayekulisha ni jirani wa kushoto.

Mipaka yake ni lazima ieleweke. Kadi iliyotolewa mwanzoni au mwishoni mwa kipande haiachi pengo, kwa hiyo unabaki na makisio mawili badala ya jibu moja. Kuanzia chaguo la tatu huwezi kujua ni nani kati ya waliokutangulia aliyechukua kadi ipi, ingawa bado unajua rangi ipi inakatwa kabla haijakufikia, na hilo mara nyingi linatosha. Kadi ya kung'aa nayo huvuruga hesabu, kwa kuwa huingia nje ya mfuatano na katika seti nyingi ilichukua nafasi ya kadi moja ya kawaida. Baada ya chaguo la nne au la tano mapengo huwa mengi, nami huacha kuyasoma na kuelekeza akili yote kwenye deki ninayoijenga.

Ili kupata mfuatano wa seti, fungua pakiti mpya bila kuchanganya kadi zake na uandike kadi za kawaida kwa utaratibu wa kutoka. Baada ya pakiti kadhaa utaona vipande vinavyoingiliana, na mwisho wa kimoja ukiwa mwanzo wa kingine utaviunganisha. Usijaribu kukariri fungu zima. Kariri majirani wa kadi kumi hivi za kawaida zilizo bora zaidi katika seti, kwa kuwa ndizo zinazochukuliwa mapema na ndizo ambazo kukosekana kwake kuna maana. Fanya kazi hiyo nyumbani, kwa sababu katika mashindano hupaswi kuwa na maandishi mkononi wakati wa drafti.

Kuhusu haki, msimamo wangu ni kwamba kukumbuka mpangilio wa kadi ulizozichunguza mwenyewe ni sehemu halali ya ustadi, sawa na kukumbuka kadi ulizozipitisha. Kutumia mpangilio wa pakiti ndani ya boksi ili kuchagua zile zenye kadi za thamani na kuwauzia wengine zilizobaki ni jambo tofauti kabisa, na ni dhuluma.

Tangu mwaka 2024 kuna aina mpya ya pakiti, Play Booster, zenye kadi 14, na kadi za kawaida zilizo na nafasi ya uhakika zimepungua hadi sita au saba, huku baadhi ya nafasi nyingine zikiweza kubeba kadi ya daraja lolote. Vipande vimekuwa vifupi na mapengo ya wazi ni machache, na hata kuhesabu madaraja kunahitaji uangalifu zaidi. Kwa pakiti hizi mimi hulitumia pengo kuamua tu pale kadi mbili zinapokaribiana kwa ubora. Kadi moja ikiwa bora waziwazi, naichukua hata kama jirani ameanza na rangi hiyo hiyo, kwa kuwa chaguo lake la kwanza bado linaweza kubadilika.